Natumaini Naye Atakuwa Mrefu

Jumanne jioni Bibi wa Mteremkoni aliniambia jambo ambalo hadi leo Jumamosi limekataa kunitoka, ingawa hakulisema kwa ubaya, na ingawa nadhani alikwisha kulisahau kabla sijafika kwenye ngazi za chini. Wasomaji wa siku nyingi mnamfahamu. Ni yule mjane ambaye nyumba yake iko juu kabisa, mahali pasipofika gari wala pikipiki, na ambaye mimi, frateri, yaani mtawa anayesomea upadre, kila majira ya baridi nampelekea mafuta ya taa kwa ajili ya jiko lake la kupashia joto. Dumu ni la lita 18, kama yalivyo madumu mengi ya mafuta ya taa hapa Japani, na ngazi za Nagasaki hazimjali mtu kwamba amezaliwa Rombo na kuzoea milima. Nyumba nyingi ninazozipita njiani zimefungwa, wenyewe wamefariki au wamehamia bondeni kwa watoto wao, na kwenye vibaraza vyake majani yameota mpaka magotini.

Nilikuwa nimekwisha kumimina mafuta, nimembadilishia na taa ya dari iliyoungua, kisha nikaketi naye kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye blanketi pembeni na hita chini yake, ambayo ukishaingiza miguu humo huna tena haja ya kuinuka. Alikuwa akimenya chenza. Ganda hulitoa likiwa zima, halafu huanza kuziondoa zile nyuzi nyeupe moja moja kwa ukucha, bila haraka yoyote, na ni mpaka kipande kiwe kisafi kabisa ndipo anakisogeza upande wangu.

"Frateri, unaondoka lini?"

Nikamjibu kwamba bado, ni mwakani, baada ya Pasaka.

"Baada yako anakuja nani?"

"Sijui, Bibi. Wakubwa hawajasema."

Akaitazama ile taa mpya, akatafuna kipande cha chenza, akakimeza, kisha akasema, "Natumaini naye atakuwa mrefu."

Ndiyo hayo tu. Baada ya hapo akavuta kutoka rafuni kopo la bati la biskuti, ambamo huhifadhi picha za wamisionari wote waliopita katika parokia yetu, akaniomba nimletee ya kwangu mapema, kwa sababu wengine, alisema, walipofika wakati wa kufungasha mizigo walisahau, akalazimika kuziomba picha zao kwa barua.

Wiki hii barua ya mkuu wa kanda imefika na kuthibitisha kwamba narudi kumalizia teolojia, Askofu Mkuu ameadhimisha Misa ya Mashahidi 26, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani, kule kwenye kilima cha Nishizaka, na Sikukuu ya Taa imeujaza mji wageni kiasi kwamba tramu hazipandiki. Ningeweza kuandika kurasa juu ya mambo hayo. Badala yake nimekuwa nikirudia maneno ya Bibi nikiwa nasali masifu ya jioni, nikiwa nachambua takataka za nyumba yetu kulingana na ratiba ya mtaa, nikiwa nimesimama kilimani na baridi ya Februari ikipenya kwenye kanzu, mahali pale pale walipotundikwa msalabani wale watu mwaka 1597 baada ya kutembezwa kwa miguu kutoka Kyoto wakati wa baridi kali. Mahubiri yalikuwa mazuri, wenzangu wameniambia. Mimi nilikuwa nikiwatazama mafrateri waliopanga mstari mbele yangu na kukadiria ni yupi kati yao angeifikia taa ya Bibi bila kupanda stuli.

Kinachouma ni kidogo, na labda ndiyo maana hakiishi. Nimejifunza kumwelewa anapozungumza lahaja ya hapa, jambo ambalo hata Wajapani wanaotoka Tokyo huwapa taabu. Nimeketi naye siku ya kumbukumbu ya marehemu mumewe. Nilimwimbia "Salamu Maria" kwa Kiswahili, akataka niirudie. Kumbe katika hesabu zake za mwisho mimi ni mkono unaofika darini, na aliyenitangulia, Mwindonesia mwenye sauti nzuri ambaye parokia nzima bado inamsifu, anakumbukwa na Bibi kwa sababu alivunja stuli.

Alhamisi, baada ya mpira, nilimsimulia rafiki yangu Mvietnamu, yule mchomeleaji anayefanya kazi kwenye karakana ya meli na anayeimba besi katika kwaya yetu. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Alisema kwamba yeye alichaguliwa kwa ufupi wake, maana ndani ya matumbo ya meli kuna vyumba ambavyo mtu wa kimo changu hawezi hata kugeuka, na siku alipofika msimamizi wake alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akafurahi. "Wewe umependwa kwa urefu, mimi kwa ufupi," akasema. "Twende tukale." Tukaenda tukala champon, ile supu ya tambi ya Nagasaki, ambayo yeye huiongezea pilipili kiasi cha kumtisha mwenye mgahawa, na kwa muda wa saa moja hivi nilisahau.

Jana Ijumaa nilimpelekea picha. Nilichagua ile ya siku ya nadhiri za kwanza, ambayo nyumbani Mama ameitundika sebuleni juu ya televisheni. Bibi aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia. Alisema kwamba humo nimekuwa mtakatifu mno na kwamba hanitambui; anataka picha ambayo nimebeba dumu. Basi akatoka nje na ndala zake, amejifunga shali, akanisimamisha penye ngazi na dumu tupu mkononi, akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, kidole chake kikiwa kimeziba kona moja, nami nikaahidi kwenda kuisafisha dukani.

Tulipoingia ndani akanimiminia picha zote mezani ili nichague nafasi yangu, na hapo ndipo nilipozigeuza kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kila picha kuna jina la mwenyewe na mwaka aliofika, na chini yake kuna jina la aliyemfuata. Nyuma ya Mwindonesia lipo jina langu, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa Bibi. Nyuma ya Wafilipino kuna Mwindonesia. Nyuma ya Mjerumani kuna Mfilipino wa kwanza. Ukirudi nyuma hadi kwa yule Mpolandi mwenye ndevu, mwandiko unabadilika, kwa sababu kopo hilo lilianzishwa na baba yake Bibi baada ya vita, wakati Urakami, eneo la hapa Nagasaki, ilikuwa bado ni vibanda vya mbao vilivyojengwa juu ya majivu. Bibi mwenyewe alikuwa mtoto mdogo tarehe 9 Agosti 1945, siku bomu la atomiki lilipoangushwa hapa, na alipona kwa kuwa alikuwa amepelekwa kwa ndugu katika visiwa vya Goto. Hapendi kuliongelea, nami simwulizi.

Ukoo wake ni wa wale Wakristo wa Urakami. Padre wa mwisho aliyekuwa amebaki Japani aliuawa mwaka 1644, Ukristo ukiwa umepigwa marufuku, na kuanzia hapo watu hao walibatizana wenyewe, wakakariri sala na kalenda ya mwaka wa kanisa kwa siri, baba akimrithisha mwana, hadi tarehe 17 Machi 1865, walipoingia katika kanisa la Oura na kumnong'oneza Padre Petitjean, mmisionari Mfaransa, kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Inasimuliwa kwamba walikuwa wamerithishwa vipimo vya kumtambua padre wa kweli: awe ametumwa na Papa wa Roma, amheshimu Bikira Maria, na awe hana mke. Serikali ikawatawanya zaidi ya 3,000 kati yao katika majimbo ya mbali, na ni mwaka 1873 ndipo waliobaki hai walipoanza kurudi. Bibi ameongeza kipimo cha nne, awe mrefu, nami sioni kwa nini asiwe na haki hiyo.

Sidai kwamba alikuwa akiwaza hayo yote Jumanne. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa akiwaza taa. Lakini ile nafasi tupu nyuma ya picha yangu aliyonirudishia niliiona, na yeye aliniona nikiitazama, akasema tu kwamba kalamu anayo.

Nilishuka ngazi nikiwa na furaha ya kijinga, na furaha hiyo ilidumu mpaka chakula cha usiku. Nilimwuliza paroko, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda, kama tayari amesikia ni nani atakayekuja baada yangu. Aliweka vijiti chini. Alisema kwamba barua ile ile iliyonirudisha masomoni haikutaja mtu, kwamba miito imepungua hata katika nchi zilizokuwa zikituma wengi, na kwamba yeye mwenyewe ameanza kuandaliwa kuhudumia parokia ya jirani pamoja na hii. Kisha akaniomba mchuzi wa soya. Sasa sijui Jumanne ijayo nitajibu nini nikiulizwa tena, maana "wakubwa hawajasema" limekuwa jibu la kweli zaidi kuliko nilivyokusudia, na Bibi si mtu wa kudanganywa akiwa na chenza mkononi. Paroko anasema nisimwambie chochote kabla ya Pasaka. Sikubaliani naye, lakini nimetii.

Usiku huu ningelala, isipokuwa Mama ameniandikia kwamba mdogo wangu amechukua pikipiki ya mkataba na ameanza kubeba abiria kati ya Mkuu na Tarakea, huko Rombo. Masika haiko mbali, na ile barabara ya kushukia kwetu mnaijua inavyoteleza. Nimeuliza kama amenunua kofia ngumu, nimeuliza pia ni nani aliyesaini kuwa mdhamini wake. La kofia nimejibiwa mara moja. La pili Mama amelisoma, alama za buluu naziona, na huko kwetu sasa ni saa kumi na moja tu jioni.