Mfuate mama, utamfikia babu

Baba mkwe wangu alizaliwa Dundee, mji wa Uskoti, miaka sabini na kitu iliyopita, na ukimuuliza habari za ukoo wake alikuwa anataja majina mpaka kwa babu yake mzaa baba, basi. Mimi nimekulia Nyeri, kwenye nyumba ambayo guka, yaani babu yangu, aliweza kututajia mbari yetu kizazi baada ya kizazi bila kukohoa, kwa hiyo niliona huo ni upungufu mkubwa kwa mtu mzima. Kumbe mzee alikuwa na utajiri ambao guka hakuwa nao, ila haukuwa kichwani mwake. Ulikuwa Edinburgh, kwenye karatasi, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kwenda kuutazama.

Badala yake walikuwa wamejinunulia ukoo wa dukani. Aliyewahi kupita Royal Mile, ile barabara ya watalii Edinburgh, anayajua yale maduka: unataja jina lako, unaletewa tartani, kitambaa cha mirabaraba, ya "ukoo wenu", kikombe chenye nembo, na kadi yenye hadithi ya mashujaa. Mzee anayo skafu yake. Nyingi kati ya hizo tartani ziligawiwa koo katika karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na kila mwenye cheo kutaka kuonekana mtu wa milimani. Nembo nayo, kwa sheria ya Uskoti, ni mali ya mtu mmoja aliyepewa, si ya kila mwenye jina hilo. Na hata huko Highlands kwenyewe, yaani milimani, watu wengi walichukua jina la chifu kwa sababu walikaa kwenye ardhi yake, wala hawakuwa damu moja. Watu wa baba mkwe hawakutoka Highlands hata kidogo. Walikuwa wafumaji wa kitani huko Angus, kwenye nyanda za chini, na kufika Dundee walifuata viwanda.

Sasa, ukitaka kuanza. Kumbukumbu zenyewe zinatunzwa na National Records of Scotland, na unaweza kuzitafuta kwa intaneti kupitia tovuti ya ScotlandsPeople. Kila picha ya cheti unailipia kama pauni moja na nusu, na ukianza kubahatisha pesa zinakwisha bila wewe kujua. Mimi nashauri uende mwenyewe Edinburgh, kwenye majengo yao mawili mwisho wa Princes Street karibu na stesheni ya Waverley, pale nyuma ya sanamu ya Wellington akiwa juu ya farasi. Unalipa pauni 15, unafungua vyeti kutwa. Jengo la pili lina kuba iliyozungukwa na rafu za vitabu kuanzia chini hadi juu: vyekundu ni vya waliozaliwa, vya kijani ni vya waliooana, vyeusi ni vya waliokufa. Mume wangu hana hamu na mambo ya ukoo, lakini pale alisimama akatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

Serikali ilianza kuandikisha watu tarehe 1 Januari 1855. England na Wales walikuwa wameanza 1837, kwa hiyo Waskoti walichelewa, lakini walipoanza walianza kwa pupa. Cheti cha kifo cha mwaka huo kinataka kujua marehemu alizaliwa wapi, ameishi pale muda gani, wazazi wake ni nani na walifanya kazi gani, mwenzi wake ni nani, watoto wake wote na umri wao, na amezikwa wapi. Ilikuwa kazi kubwa mno, na mwaka 1856 mengi ya maswali hayo yakaondolewa. Moja halikuondolewa: mama wa marehemu, pamoja na jina la kwao kabla hajaolewa. Ukizoea vyeti vya England vya karne hiyo, ambavyo kwa kawaida havimtaji mama wa marehemu, unaweza kulia kwa furaha. Mwanamke wa Kiskoti huenda mtaani aliitwa kwa jina la mumewe, lakini kitabuni, na mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi, alibaki na jina la baba yake. Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza: ukimtafuta mwanamume wa Kiskoti, acha kuhangaika na jina lake. Wenye jina kama lake wamejaa. Mtafute kwa mkewe na kwa mama yake.

Sisi tulikuwa na bahati. Mmoja wa mababu wa mbali wa mzee, mfumaji, alikufa Dundee mwaka huohuo wa 1855 akiwa na miaka 64. Ukitoa hesabu, alizaliwa mnamo 1791, na ubatizo wake haupo popote. Sababu si ngumu. Kuanzia 1783 hadi 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yaliyoandikwa, na mfumaji mwenye watoto wa kulisha alikuwa na matumizi mengine ya peni tatu. Mtoto alibatizwa, kitabu hakikuguswa. Lakini kile cheti cha kifo kilituwekea baba yake na mama yake, na jina la kwao mama, na kwa jina hilo tukayapata matangazo ya ndoa yao kanisani.

Huko nyuma ya 1855 unategemea vitabu vya parokia za Kanisa la Uskoti. Kile cha zamani kuliko vyote ni cha Errol, kijiji kilichoko kati ya Perth na Dundee, na kinaanzia 1553. Usidhani kila parokia ilikuwa na bidii ya Errol. Nyingine zimeanza miaka mia na zaidi baadaye, mazishi hayakuandikwa sana, na waliojitenga na kanisa kuu kuanzia 1733 walikuwa na vitabu vyao wenyewe. Na majina ni yaleyale: John, James, William, David, mpaka unachoka. Kwenye parokia yetu tulikuta wavulana wawili wenye jina moja, wamebatizwa ndani ya miaka miwili. Mmoja alikuwa mtoto wa mkulima na mkewe. Mwingine alikuwa mtoto wa msichana mtumishi wa shamba, na nafasi ya baba imeachwa wazi. Yupi ndiye baba wa mfumaji wetu?

Bila shaka mzee alimtaka yule wa mkulima.

Hapo ndipo Ukikuyu wangu ulipofanya kazi. Waskoti wa zamani walikuwa na desturi ya kupokezana majina inayokaribiana sana na yetu: mvulana wa kwanza huitwa babu yake mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Kwa wasichana tunatofautiana, kwa sababu sisi tunaanza na mama wa baba, wao wanaanza na mama wa mama. (Binti yangu alipozaliwa, jambo hili lilizua kikao kizima cha simu kati ya Nyeri na Dundee. Mamangu alishinda.) Nikapanga watoto wote wa huyo baba wa mfumaji kwa zamu. Msichana wa kwanza alikuwa na jina la mama wa mke, sawa kabisa. Mvulana wa kwanza, yaani mfumaji wetu, hakuitwa kama yule mkulima. Aliitwa kama baba wa mke. Nikamwambia mzee, mtu hamruki baba yake hivi hivi. Huyu hakuwa na baba wa kumtaja. Kisha tukaangalia msichana wa pili, ambaye kwa desturi yao huchukua jina la mama wa baba. Lilikuwa jina la yule mtumishi.

Majina peke yake si ushahidi, desturi ilivunjwa mara nyingi. Tulihamia kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, ambazo nyingi sasa picha zake unazitazama bure mtandaoni. Msomaji aliyelelewa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, hatapata shida kulielewa baraza hilo, ila la karne ya 18 lilikuwa polisi, mahakama na ofisi ya ustawi wa jamii kwa pamoja. Lilimwita msichana huyo likamuuliza baba wa mtoto. Hakusema. Akaitwa tena, hakusema. Mwishowe akasimamishwa mbele ya washarika Jumapili na kutozwa faini iliyoingia kwenye mfuko wa maskini, na mtoto akapewa jina la ukoo la mama. Miaka mingi baadaye jina lake linarudi, safari hii kwenye orodha ya maskini wanaosaidiwa, na karani ameandika kwamba mwanawe, naye mfumaji, amekubali kuchangia matunzo yake. Anatajwa kwa jina na kijiji. Ndiye. Mara ya mwisho ni ada ya kukodi kile kitambaa cheusi cha kanisa cha kufunikia jeneza, imelipwa na huyohuyo mwana.

Nilipomsomea mzee mstari huo aliniomba niurudie. Jina analotembea nalo, na mume wangu, na wanangu, limetoka kwa mtumishi wa shamba aliyekataa kufungua mdomo. "Na skafu yangu?" akauliza. Nikamwambia aendelee kuivaa, baridi ya Dundee haiulizi ukoo.

Tumerudi nyuma zaidi kupitia kwa baba wa yule msichana, kutoka mtumishi hadi mkulima mpangaji, mpaka miaka ya 1720, ambapo kitabu cha parokia hiyo kinaanza. Kabla ya hapo imebaki orodha ya kodi ya mameko ya miaka ya 1690, ambayo inataja kichwa cha nyumba na idadi ya meko tu. Jina lao limo. Kusema ni wao ni jambo jingine, na mimi nimekataa kuliandika kwenye mti wa ukoo hata mzee aniombe vipi.

Sasa mama mkwe naye anataka wa kwao. Wao waliingia Dundee kutoka Ireland kufanya kazi kwenye viwanda vya juti, na sehemu kubwa ya sensa za Ireland za karne ya 19 iliteketea Dublin mwaka 1922. Nimemwambia tusiende Ireland kwanza. Bibi yake alifia hapahapa Dundee, na karani wa Kiskoti lazima aliuliza mama yake alikuwa nani.