Matawi ya miombo mezani

Septemba hapa Tabora, kabla mvua hazijaanza, miombo huchipua majani mapya yenye rangi ya shaba. Mwanga wa jioni ukiyapiga, hakuna ua la dukani linaloyafikia. Shida ni kwamba chipukizi ni laini mno: hupoteza maji upesi kuliko shina linavyoyavuta, na kufikia mchana limelegea.

Kwa hiyo kata alfajiri, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Chagua tawi ambalo majani yake yameanza kukakamaa. Ukilikunja kidogo linajirudi lenyewe. Nyumbani kata ncha tena kwa mshazari, pasua shina sentimita 3, kisha lizamishe hadi shingoni kivulini kwa saa 4 ndipo ulipange. Ng'oa majani yote yatakayozama chomboni, maana yakioza bakteria huziba shina. Kwa lita 1 ya maji, weka kijiko 1 cha chai cha sukari na 2 vya maji ya ndimu. Badilisha kila baada ya siku 2.

Bogenvilia ya uani inapendeza nayo. Ipunguze majani ya kijani, ibaki rangi.

Chombo kisikae karibu na ndizi au maembe yanayoiva: hutoa gesi ya etilini, nayo huangusha maua mapema.