Mbwa wa ulinzi, angalia miguu kwanza

Jamani mnaotafuta mbwa wa ulinzi hapa Dar, msiangalie ukali tu, mwangalieni anavyotembea. Simba wangu ni German Shepherd, mgongo umeshuka mno nyuma, akikimbilia geti mara mbili tatu tu miguu ya nyuma inayumba, visigino karibu vinagusana, roho inaniuma kweli. Halafu mbwa anabeba kama asilimia 60 ya uzito wake miguu ya mbele, sasa bega likisimama wima sana hatua inakuwa fupi, umbali uleule ila anapiga hatua nyingi, na kila akitua kishindo kinapanda mpaka kiwikoni. Na joto la Januari je? Mbwa anapoa kwa kuhema, mwenye pua fupi atateseka. Simba siku hizi namtembeza alfajiri, kwenye mchanga, taratibu.