Nilivyokutanisha Mkondo wa Maziwa na Daftari la Wanachama

Kila alfajiri, mizani za kielektroniki katika vituo vya maziwa vya Njoro, Molo na Subukia hutuma rekodi mfululizo hadi seva zetu mjini Nakuru, kila moja ikibeba nambari ya mwanachama, kilo na saa ya kupima, basi. Akaunti ya malipo na bei ya kilo vimo katika hifadhidata ya PostgreSQL ambayo chama chetu cha ushirika kimeijaza kwa miaka mingi. Nilitakiwa kuviunganisha papo hapo, mkulima apate ujumbe kabla hajaondoka kituoni.

Programu yangu ya kwanza iliiuliza hifadhidata kwa kila rekodi. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi maswali yalipanga foleni, na ujumbe ukamkuta mkulima kwake. Nikaweka kache, yaani nakala za muda za majibu ya hifadhidata, kasi ikarudi, lakini aliyebadilisha akaunti jana akaandikiwa ile ya zamani, kosa ambalo kwangu ni baya kuliko kuchelewa.

Ndipo nikaamua kuileta hifadhidata iliko rekodi. Programu iitwayo Debezium husoma kumbukumbu ya mabadiliko ya PostgreSQL na kuyapeleka Kafka, mfumo wa kupokea na kusambaza mikondo ya rekodi, kisha Kafka Streams, maktaba yake ya kuchakata mikondo hiyo, hujenga jedwali katika diski ya kila seva kwa RocksDB, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu. Sharti ni mkondo wa maziwa na jedwali vigawanywe kwa ufunguo mmoja, yaani nambari ya mwanachama, na kwa idadi ileile ya vigawanyo, mafungu yanayogawiwa seva, ili taarifa za mwanachama na maziwa yake ziangukie seva moja. Nililitimiza, au ndivyo nilivyodhani, kwani wanachama wapya walipatikana ila waanzilishi wote walipotea. Siku mbili nilipekua nikijilaumu, kumbe mizani zilituma “00457” ilhali jedwali liliandika “457”. Wapya walinusurika kwa kuwa nambari zao zilikwisha kujaa tarakimu tano.

Lililonisumbua zaidi ni wakati. Mtandao ukikatika Molo, mizani huhifadhi rekodi na kuzituma baadaye, hivyo maziwa ya tarehe 31 yaliweza kuhesabiwa kwa bei mpya ya tarehe 1. Nilihamia majedwali yenye matoleo, yaani yanayotunza pia thamani za zamani, yaliyoingia Kafka Streams 3.5 mwaka 2023, ambayo hutafuta thamani iliyokuwapo saa ya kupima. Tunaweka historia ya siku tatu. Rekodi iliyochelewa kupita hapo huwekwa kando, na karani huihesabu kwa mkono.