Walisema ringi, kumbe nozeli

Nimechoka kusikia kwamba kila gari la dizeli la zamani likitoa moshi basi injini imekwisha, ifunguliwe. Langu likipanda mlima lilikuwa linaacha wingu jeusi, anayenifuata haoni barabara. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Ringi hizo," akasema, akanitajia gharama za kufungua injini nzima.

Ringi ni vyuma vya duara vinavyoziba pembeni mwa pistoni. Zikiisha injini hula oili, na moshi wa oili ni wa bluu. Oili yangu ilikuwa haipungui. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa, au haiungui vizuri. Mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua, hapo kweli kagua gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake.

Nikabadilisha eya klina. Nafuu ikawa ndogo. Fundi wa pili akachezea skrubu ya pampu ili ipunguze dizeli. Moshi ulikata, lakini na nguvu zikaenda nao: mlima wa gea ya tatu nikaupanda kwa ya kwanza. Nikamtaka airudishe palepale ilipokuwa.

Jibu nililipata kwa spana moja. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, nililegeza kidogo nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza (nozeli ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda), juu yake nimefunika tambara. Injini ikayumba, maana silinda isiyo na shida imekatiwa mafuta. Nikakaza. Ya pili vilevile. Kufika ya tatu, injini haikujali sana, ila ile sauti ya kugonga ikatulia na moshi kule nyuma ukawa mwepesi. Nikakaza, moshi ukarudi. Nikalegeza tena, ukakata. Nilifurahi sana, mbovu nimeipata! Hili ni la injini za pampu ya zamani tu, na uvae miwani. Kwenye komoni reli, ule mfumo wa dizeli wa magari ya kisasa, usithubutu: presha yake inaweza kupita bar 1,000, na dizeli hiyo hupenya ngozi.

Nozeli zote nne nikazipeleka kupimwa kwenye mashine. Nyingine zilipuliza ukungu laini. Ile ya tatu ilikuwa inakojoa: mchirizi mmoja, kisha tone linaning'inia kwenye ncha. Nikabadilisha ncha zote, presha ikapangwa upya, na gharama haikukaribia hata robo ya ile ya kufungua injini. Zile washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli, weka mpya. Za zamani huvujisha mgandamizo.

Wapo wanaosema moshi ndiyo kawaida ya dizeli, uzoee. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi huo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gari hili linabeba wanangu, siwezi kuuzoea.

Ukishafunga, usishtuke siku za mwanzo ukipiga resi ukaona masizi yakiruka. Ni yale ya zamani yaliyoganda kwenye bomba la ekzosi. Tembeza gari safari ndefu yenye mzigo kidogo, yatatoka yenyewe.