Desemba hii, ramani imekaa sawa

Jamani mwaka ndo unaisha hivyo, leo hapa RCMRD, kituo cha kuchora ramani za rasilimali kilichopo Kasarani, Nairobi, tumekaa na wenzangu tukapitia kazi yetu ya ramani ya miezi yote, nimesikia raha kweli. Kituo kipo tangu 1975 na ni cha nchi nyingi kwa pamoja, ndo maana mezani kwetu kuna Mganda, Mtanzania, Mmalawi. Ramani tunaichora kwa picha za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, zinazorudi kupiga eneo lilelile kila siku 5, kila pikseli (kidoti kimoja cha picha) ni mita 10 ardhini, ila mawingu ya masika bwana! Wiki 3 tulikuwa tunayaondoa tu kwenye picha. Kisha tukaenda fildi kuhakiki, mama mmoja akatuonyesha kumbe tulichokiita msitu kwenye ramani ni shamba lake la chai, tukarudi tukarekebisha eneo lote. Nakushukuru sana mama. Januari tunaanza na mabonde ya mito.