Punda kwenye uwanja wa shule: siku yangu moja Lamu

Saa kumi na moja alfajiri. Saa yangu ni adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu, hapa mtaa wa Langoni. Nikishaswali nateleka chai, nafunga mahamri kwenye kitambaa, kisha nakagua kikapu: mikasi minne, shazia mbili, kamba, futi ya fundi cherehani, boksi la chaki, na vipande vya buibui langu kuukuu nililolichana jana usiku. Mama anavitazama vile vipande, ananitazama na mimi. "Shuleni hamna vitambaa?" Hamna, mama.

Nafundisha sekondari ya chini, JSS, somo la Ufundi wa Awali. Wanafunzi huliita Pri-Tek. Gredi ya 7 ya kwanza nchini ilipoanza Januari 2023 hatukuwa na karakana, na mpaka leo karakana yetu ni kivuli cha mti wa mkungu. Watu wengi mjini hudhani somo hili ni la kuchezea gundi na maboksi, na kwamba mwalimu wake ni mtu wa kuwatuma watoto wakawasumbue wazazi. Nimeandika siku hii moja ya Jumatano ili waone.

Saa moja na robo niko getini. Saa mbili hadi saa nne ni usalama wa vifaa kwa Gredi ya 7, biashara kwa Gredi ya 9, na madaftari 42 ya kusahihisha.

Saa nne na nusu ni zamu ya Gredi ya 8, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Muhula huu wanatengeneza tandiko la punda, na wazo si langu. Binti mmoja wa darasa hilo hupita kila siku mbele ya hospitali ya punda kule ufuoni. Siku moja alikuja akaniuliza mbona punda wengi anaowaona pale wana kidonda mahali pamoja, juu ya uti wa mgongo. Mwalimu akipewa swali kama hilo haendi kutafuta jingine kitabuni. Mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, wageni huja kupiga picha vichochoro vyake, na ni vichochoro hivyo visivyoingia gari. Mchanga, saruji, mawe ya kujengea, mitungi ya gesi, vyote hufika mlangoni kwa mgongo wa punda au wa mtu.

Mzee mshona shogi, yale makapu ya kumpakizia punda mzigo, amefika na punda wa jirani yake. Halipwi. Nilicho nacho cha kumpa ni chai na yale mahamri.

Kikundi cha kwanza kimeshona mto mmoja bapa, umejazwa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, mishono imenyooka kama ya dukani. Wanauleta wamejawa na furaha. Mzee anaubonyeza kwa kiganja. "Ngoya kwanda, mwanangu. Na mfupa utakaa wapi?" Hawakumwelewa. Akamwambia yule binti aweke mkono shingoni mwa punda auburute taratibu hadi kiunoni. Katikati ya mgongo vidole vyake vikakwama juu ya tuta la mfupa.

Hapo ndipo buibui likafanya kazi. Tulisaga chaki, tukampaka punda unga mweupe mgongo mzima. Mto tukauvika kitambaa cheusi, tukamtandika, tukampakia debe moja la mchanga kila upande, tukamzungusha uwanja mara tatu. Tulipoutoa, kitambaa kilikuwa na mstari mmoja mweupe katikati, mnene kama kidole gumba, na pembeni kilibaki cheusi karibu chote. Mzigo wote ulikaa juu ya mfupa. Watoto 38 walinyamaza, na darasa langu halinyamazi hivyo hata kwa mtihani.

"Mwalimu, tuukate katikati," kijana mmoja akasema. Iwe mito miwili, na baina yao nafasi ya vidole vinne. Mwingine akataka mikanda isukwe kwa magunia ya plastiki badala ya ukili. Hoja yake ni kwamba jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa kwetu kwa takataka za plastiki, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likafika Zanzibar, basi mkanda utashindwaje? Mzee akamjibu kuwa kushindwa hautashindwa, lakini utakata ngozi. Wakaanza kubishana juu ya upana wa mkanda, na mimi nikakaa kimya, maana mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Ndipo baba mmoja akaingia uwanjani.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, baba."

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Mwanawe ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya punda.

"Mimi nabeba mchanga tangu nina miaka kumi na miwili," akasema, na sauti hakuipandisha. "Namsomesha ili asiishike kamba hiyo. Nawe wamrudisha kwenye kamba hiyo hiyo, tena kwa nguo za shule."

Nikamweleza. Alama za mwisho wa Gredi ya 9 hazitoki kwenye mtihani peke yake: asilimia 60 ni mtihani wa kitaifa wa KJSEA, 20 ni ule wa KPSEA walioufanya Gredi ya 6, na 20 ni kazi za Gredi ya 7 na 8 zinazopimwa shuleni. Nikamwonyesha mchoro wa mwanawe, punda kwa upande na kwa juu, vipimo vyote kwa sentimita. Hakuupokea. Akasema jirani zake watamcheka. Akasema wiki iliyopita aliombwa maboksi, kabla ya hapo gundi, na sasa sufi, na sufi hununuliwa. Kwa hilo nilimwomba radhi, maana ni kweli. Maneno yake yakarudi pale pale kwenye kamba. Nikaeleza tena. Kengele ikalia, darasa jingine likawa lanisubiri, punda akaanza kuvuta kwenda, yule kijana akiyatazama makubadhi ya babake. Sikumwambia kwamba baba yangu alikuwa hamali gatini na kwamba ninaijua aibu anayoisema. Labda ningemwambia. Tulisimama juani karibu nusu saa.

Alipogeuka kuondoka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkanda wa tumbo, ukausogeza mbele kidogo. Punda akatulia. Kisha yule baba akaenda ofisini kunishtaki.

Mzee alimaliza chai yake. "Kesho niye, mwalimu?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Adhuhuri ikanikuta kwenye benchi la nje ya ofisi, na sikumbuki nilikaa hapo muda gani. Ndani nilisikia mlango, simu, mlango tena. Uamuzi ulikuwa mfupi: mnyama haingii shuleni bila barua yenye sahihi, na wiki ijayo nitajieleza mbele ya wazazi. Siukatai utaratibu. Kilichonichosha ni kwamba kile kitambaa chenye mstari mweupe nilikuwa nimekikunja mapajani muda wote, na hakuna aliyeomba kukiona.

Mchana ni vipindi viwili zaidi, miguu imeshakufa. Ikifika saa tisa na dakika chache watoto wanakimbilia chuoni kusoma Kurani, na mwalimu wa Lamu anajua hapo hana lake. Sita walibaki kidogo kunisaidia kuzoa kinyesi na kumwaga mchanga. Yule binti aliufumua mto, akautia kwenye mfuko, akasema nyanya yake alikuwa akishona mito ya sufi zamani, atamwonyesha baada ya chuo. Mwana wa yule baba hakubaki. Mchoro wake uko kwenye kikapu changu.

Jua lilikuwa likizama nilipopita ufuoni. Punda walikuwa wakishuka kwenye jahazi la mchanga, mmoja nyuma ya mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani nilijikuta nahesabu migongo.

Baada ya Isha naandika barua: nani mwenye punda, ataingia saa ngapi, atatoka saa ngapi, nani atasafisha. Simu inalia kabla sijafika kwenye sahihi. Ni ujumbe kutoka simu ya mamake binti: "Mwalimu, nyanya asema sufi ikilowa jasho itagandamana. Auliza tukijaza makumbi ya nazi?"

Nikamjibu: jazeni mto mmoja sufi, wa pili makumbi. Leteni yote miwili.